Sauti ya Katikati

Jua lilikuwa linazama Sikio alipofika kwa fundi redio, na alifika anahema, maana fundi alishaanza kuteremsha mlango wa kibanda chake.

"Kaka, subiri! Nataka maiki."

"Rudi kesho, dada."

"Kesho jioni nina kazi. Fungua bwana, usiniletee uvivu."

Fundi akacheka, akapandisha mlango. Nani angebishana na Sikio? Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa ananasa sauti za michezo ya redio. Ukisikia mvua inaanza kwenye bati, mlango unalia kijumbani, mbwa anabweka ng'ambo ya mto, basi ujue kuna mwanamke mmoja aliyekaa na rekoda yake mapajani akisubiri mvua, mlango na mbwa. Safari hii mtayarishaji wa redio alitaka sauti ya machweo nje ya mji: vyura, wadudu, upepo kwenye majani. Tena akataka stereo, kushoto kuwe kushoto na kulia kuwe kulia, ili msikilizaji ajione amekaa hapo hapo. Simu ya Sikio haikuweza hilo. Yenyewe ilirundika kila kitu mahali pamoja kama nguo chafu.

Nyumbani nako hakukunasika kitu. Mama yake alikuwa na mdomo, mama yule! Aligomba kuanzia kuamka mpaka kulala. Aligombana na kuku wa jirani, na bomba lisilotoa maji, na redio yenyewe. Hapakuwa na sauti hata moja iliyonaswa pale uani bila mama kuwemo ndani.

"Nataka mbili, za kutumia nje," Sikio akasema. "Na bei iwe ya mtu kama mimi. Usinitolee za matajiri."

Fundi akamtolea moja mpya inayong'aa, yenye masikio mawili kwenye mwili mmoja. Sikio akavaa hedifoni, akasikiliza.

"Inakaanga."

"Haikaangi bwana."

"Kaka, inakaanga! Sikiliza. Shhhhh... Nikienda nayo kwa vyura nitarudi na sauti ya chapati."

Alikuwa sahihi. Kila maiki ina mvumo wake yenyewe, hata uifungie kabatini, na za bei ndogo ndizo zinazovuma zaidi. Ukinasa ngoma huusikii. Ukinasa jani linaloanguka, husikii kitu kingine. Fundi akamwonyesha nyingine nzuri kweli, lakini alipotaja bei Sikio aliirudisha taratibu kwenye boksi lake kama mtu anayemlaza mtoto wa watu.

Ndipo fundi akavuta droo ya chini. Akasita. Akatoa maiki mbili ndogo nyeusi, kila moja kama punje ya hindi, zimechomewa kwa mkono kwenye waya mrefu.

Sikio akasikiliza. Akaongeza sauti. Akaongeza tena mpaka mwisho.

Kimya.

Hakukuwa na mvumo hata kidogo. Moyo ukamruka kwa furaha, na hapo ndipo alipokosea, maana mtu wa kazi ile alipaswa kuogopa. Hakuna maiki duniani isiyovuma.

"Za nani hizi?"

"Za mteja. Hakurudi." Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake. "Zichukue tu. Utanipa chochote."

Mke wa fundi alikuwa amekaa kwenye kona, kwenye kigoda. Mwanamke huyu zamani sauti yake ilisikika mstari mzima wa vibanda. Alikuwa akiita wateja kwa utani na matusi matamu mpaka mtu anacheka na kununua betri asizozihitaji. Tangu mvua zilizopita hakuwa na sauti. Koo, fundi alisema. Basi akainuka pale, akamjia Sikio moja kwa moja, akamfunika mdomo kwa kiganja chake.

Akakandamiza. Akatikisa kichwa. Macho yamemtoka.

"Mama watoto, muache dada wa watu," fundi akasema haraka.

Sikio akacheka chini ya kiganja kile. Alidhani ni utani. "Sawa wifi, nimesikia, sisemi bei yenu kwa mtu!" Akatia maiki kwenye mkoba, akaondoka.

Kesho yake jioni alikwenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje kidogo ya mji. Shimo lake lilikuwa limejaa maji na vyura. Alizifunga maiki zile kwenye ncha mbili za henga ya nguo, umbali wa sikio na sikio, akazivisha manyoya aliyoyakata kwenye mdoli mkuukuu ili upepo usizipige. Akaitundika henga kwenye kijiti. Akakaa nyuma yake, hedifoni masikioni, rekoda mapajani.

Jamani, raha! Chura mkubwa kushoto. Wadogo wadogo wengi kulia. Mdudu mmoja alipita juu akaenda kutoka sikio hili mpaka lile kama mtu anayechora mstari kichwani mwake. Sikio akatabasamu peke yake. Akainamisha kichwa, akatazama mshale wa rekoda unaopima sauti, usizidi.

"Hujambo, binti?"

Sauti ya mzee. Ya upole. Iko katikati kabisa.

Sauti inapokuwa katikati ya hedifoni, maana yake mtu yuko mbele yako kabisa au nyuma yako kabisa. Mbele kulikuwa na maji. Sikio akajua ni mpita njia amesimama nyuma yake. Hakugeuka, macho yalikuwa kwenye mshale, ila adabu alikuwa nayo, mama yake alimchapa mpaka akawa nayo.

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mama je?"

"Mama mzima. Anapiga kelele tu, kama kawaida yake."

"Kelele..." Sauti ikavuta pumzi ndefu, kama mtu anayenusa chakula. "Haya, binti. Nashukuru. Nimepokea."

Ikaja harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi ikasahauliwa sandukuni. Sikio akageuka.

Hapakuwa na mtu.

Njia ilikuwa tupu mpaka barabarani. Akavua hedifoni, akasikia vyura tu. Akavaa tena. Vyura... na pumzi. Ndani, nje. Ndani, nje. Akainuka polepole akaizungusha henga. Chura mkubwa akahama kutoka kushoto kwenda kulia, kama inavyopaswa. Wadogo nao wakahama.

Pumzi haikuhama. Ilibaki katikati.

Alikusanya vitu vyake, akaondoka mbio, na mtu asimcheke, hata wewe ungekimbia.

Alimkuta mama yake jikoni. "Umetoka wapi saa hizi na hayo mawaya yako?" mama akasema, lakini sauti ilikuwa imekwaruza. Akakohoa. "Vumbi hili litaniua."

Asubuhi sauti ilikuwa nusu. Baada ya siku kadhaa ikawa mnong'ono. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni safi kama la mtoto, apumzike asiongee. Asiongee! Mama alimtazama daktari yule kwa jicho ambalo lilitosha. Kisha jioni moja akafungua mdomo ili amfukuze kuku wa jirani, na hakikutoka kitu. Hata pumzi. Kuku akaendelea kula mchele kwenye ungo, na mama akakaa chini pale pale uani akajifunika uso kwa kanga. Sikio hakuwahi kumwona mama yake akilia. Nyumba ilikuwa kimya, ule ukimya aliokuwa akiutamani miaka yote, na sasa ulimkaba.

Wazo likamjia, wazo baya. Akaleta rekoda. Akachomeka zile maiki, akavaa hedifoni, akakaa mkabala na mama.

"Mama, niambie kitu. Chochote."

Midomo ya mama ikacheza.

"...nikuambie nini wakati huyo kuku anamaliza mchele na wewe umekaa unanitumbulia macho..."

Ilikuwa sauti ya mama. Nzima, kali, tamu. Ilitoka kwenye hedifoni, katikati. Na nyuma yake, karibu sana, mzee mmoja alikuwa anacheka taratibu.

Sikio akaondoa hedifoni kichwani kana kwamba zinaungua. Akamweleza mama yake kila kitu, na hakujificha: ni yeye aliyejibu, ni yeye aliyemtaja. Alitegemea kofi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akafunga kanga kiunoni kwa nguvu, akaonyesha mlango. Twende.

Walimkuta fundi anachomea redio ya mtu. Alipowaona wawili, na mama hasemi, chombo kilimdondoka.

"Ulijua," Sikio akasema.

"Dada..."

"Usiniite dada! Ulijua au hukujua?"

Fundi akamtazama mke wake. Akaongea kwa kunong'ona, kama vile kuna mtu wa tatu pale ndani. Mteja alizileta akamwambia azijaribu. Alizijaribu jioni, nje ya kibanda. Akasalimiwa. Akajibu. Akaulizwa, mkeo je? Akasema mke wangu hajambo, anachangamsha soko.

"Kumbe kosa lako ndilo langu," Sikio akasema. "Lakini mimi sikumuuzia mtu."

"Nilidhani ukizichukua wewe, sauti yake itarudi."

"Imerudi?"

Mke wa fundi alimtazama mumewe tu, na mtazamo ule ulikuwa mbaya kuliko matusi yote aliyowahi kuyatoa pale sokoni.

"Zitupe majini," fundi akasema. "Zitupe, usahau."

"Nitupe mama yangu majini? Una wazimu." Sikio akapiga meza, skrubu zikaruka. "Sikiliza. Huyo mzee wako hahami. Nizungushe maiki, nisizungushe, yuko katikati. Na wewe wateja wakikuletea nyimbo uondoe mwimbaji wabaki na muziki wa kuimbia harusini, unafanyaje?"

Fundi akafumba macho. "Nageuza waya za upande mmoja, kisha nachanganya pande zote mbili. Mwimbaji yuko katikati. Kilicho katikati kinajifuta chenyewe."

"Basi nipe swichi, nipe na chuma chako cha kuchomea. Wewe mikono inakutetemeka."

Sikio na mama wakafika machimboni jua likiwa limeshagusa ardhi. Sikio alitundika henga, akachomeka waya kwenye kiboksi kidogo alichokichomea swichi kule kwa fundi. Upande mmoja wa swichi, mambo ya kawaida. Upande wa pili, katikati inakufa. Mama alisimama mbele yake, kati ya henga na maji, mikono kiunoni.

Vyura walinyamaza wote kwa pamoja.

Harufu ya nguo mbichi ikaja.

"Hujambo, binti?"

Sikio akauma meno. Kutokujibu salamu ya mtu mzima! Ulimi ulimwasha kabisa. Akabana kimya.

"Binti. Nimekusalimu. Nyumbani hawajambo? Shangazi je? Na yule rafiki yako wa..."

Akasukuma swichi.

Sauti ikakatika. Akakaribia kushangilia. Kisha akamwona mama yake. Mama alikuwa ameshika koo, magoti yanakunjika, macho yanageuka. Sikio akarudisha swichi mbio. Pumzi ya mama ikarudi, mzee akirudi nayo, na safari hii alikuwa anacheka waziwazi.

"Tuko pamoja, mimi na yeye," akasema. "Chumba kimoja. Ukinifuta mimi, umemfuta na mama. Haya, niamkie."

Hapo wengi wangelia. Sikio alilia kidogo, siwezi kukudanganya, ila machozi yake yalikuwa ya hasira. Akafikiri haraka. Mzee hahami, sawa. Na mama? Mama katika maisha yake hajawahi kugomba akiwa amesimama mahali pamoja. Mama akigomba anatembea. Anakwenda mpaka mlangoni, anarudi mpaka kwenye jiko, anakwenda tena. Wangapi wamewahi kuumia shingo kwa kumfuata kwa macho!

"Mama," akaita kwa sauti kubwa. "Ile sufuria yako kubwa. Ile ya shughuli."

Mama akainua kichwa.

"Niliiazimisha kwa jirani. Yule mwenye kuku."

Kwenye hedifoni, katikati, chini kabisa: "Nini?"

"Usimchokoze mzazi wako," mzee akasema. "Huna adabu."

"Imerudi imetoboka, mama. Nikaiziba kwa sabuni, nikaificha uvunguni."

Sufuria ilikuwa nzima, iko nyumbani, inang'aa. Lakini mama hakulijua hilo.

"Wewe mtoto!" Mama akanyanyuka. "Wewe mtoto una akili kweli? Sufuria yangu! Kwa yule mwanamke asiyeosha hata kikombe?" Akaanza kutembea. Mwili ukaenda kushoto, na sauti... sauti ikatetemeka, ikang'ang'ania, ikachomoka ikaenda kushoto! "Nimeitunza tangu kabla hujazaliwa, nimepikia msiba wa baba yako!" Ikakata kwenda kulia, miguu ya mama inaponda changarawe. "Sabuni! Ameziba kwa sabuni!"

"Rudi hapa," mzee akasema. Upole ulikuwa umemwisha. "Mama, simama. Simama katikati!"

"Na wewe nani unayenipangia pa kusimama?" mama akamgeukia, kule mbali kabisa kulia. "Kwani mimi mkeo?"

Sikio akasukuma swichi.

Kikatokea kitu kama kilio kinachonyonywa kwenye mrija. Henga ikatikisika bila upepo. Mzee akasema neno moja ambalo Sikio hakulielewa na hataki kulielewa, kisha akawa mdogo, mdogo, mpaka asisikike. Manyoya ya mdoli yakafuka moshi. Kwa mbali chura mmoja akaanza, na mwenzake akamjibu.

Sikio akavua hedifoni. Mama alikuwa amerudi, amesimama mbele yake kabisa, uso kwa uso, midomo inakwenda mbio.

Hakusikia kitu.

"Mama?" Midomo iliendelea. Kimya kilekile. "Mama, jamani! Nimeshindwa. Nisamehe mama, nimeshindwa..."

Mama akakunja uso kwa mshangao. Akasogea pembeni ili amshike bega.

"...nakwambia nyamaza kulia nimepona, kiziwi wewe?"

Sauti ile ilimgonga sikio la kushoto mpaka akaruka. Mama akapita mbele yake, ikakatika. Akatokea kulia, ikarudi. Wakarudia mara kadhaa pale kwenye changarawe, kama watoto wanaocheza, mpaka wote wawili wakaelewa. Swichi ilikuwa imefuta katikati, na haikufuta kwenye maiki tu.

"Basi utakuwa unasimama pembeni," Sikio akasema, akijifuta pua. "Hamna neno. Utagomba ukiwa pembeni."

"Sufuria iko wapi?" mama akauliza.

Mpaka leo ndivyo wanavyoishi. Mtu akitaka kuongea na Sikio anasimama ubavuni. Kazi ya redio anaifanya vizuri tu, kichwa amekigeuza kidogo. Kinachomsumbua ni kimoja, na alimwambia mama yake peke yake: huko mbele, kwenye kile kijinjia chembamba asichokisikia, hawezi kujua kama kuna mtu anamsalimu. Kuna jioni harufu ya nguo mbichi inamjia usoni. Anatazama hewa tupu, anaisonya, anaendelea na safari yake.

Wiki ile ile ya machimbo mke wa fundi alikuja nyumbani, peke yake. Alisimama mlangoni, hakuwa na la kusema wala sauti ya kulisemea. Aliweka kiganja kwenye koo lake mwenyewe, akasubiri.

"Hapana," mama akasema kutoka pembeni. "Hapana, mwanangu. Ulichopoteza kinatosha. Ukirudi kule unajua yule mzee atachukua nini tena?"

"Atachukua? Mimi ndiye naenda kuchukua. Harufu yake bado ipo, na sauti ya wifi bado anayo." Sikio alishaufungua mkoba, ananyoosha waya. "Alinifunika mdomo, mama. Yeye ndiye alitaka kunizuia, na mimi nikamchekea."

Akamgeukia mke wa fundi, akamtazama vizuri.

"Wifi, nionyeshe kwa mikono. Mumeo akikukera, kinachokukera zaidi ni nini? Nataka kile cha kukupandisha mori kabisa."

Mwanamke yule alifikiri kidogo. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka, akaanza kuhesabu kwa vidole, na vidole havikumtosha.

Jua lilikuwa limeinama. Wakatoka, mke wa fundi kushoto, mama kulia akigomba, maana hakukubali kubaki. Sikio alikwenda katikati yao, amebeba henga begani, anatazama mbele moja kwa moja, kule asikosikia kitu.